Mlango wa Wenye Udhuru

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu mkojo ulipoanza kunishinda. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mitumba ikimiminika, nami nilikuwa na meza yangu ya makoti sokoni Makambako. Siku moja tulikuwa tunapeleka mzigo Njombe, nikaanguka kutoka juu ya mabelo ya nguo, lori likipanda kilima. Mgongo ulipona baada ya miezi mitatu. Kibofu hakikupona. Nikicheka, mkojo unatoka. Nikinyanyua belo, unatoka. Nikihisi haja, chooni sifiki.

Namshukuru Mungu kwa baridi ya huku kwetu. Mtu akishinda na koti refu jeusi, hakuna wa kumuuliza. Nilijichagulia moja katika mzigo wangu mwenyewe, likanisitiri sokoni na njiani.

Msikitini halikunisaidia. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mkojo ni najisi na unatengua udhu. Basi nikaacha. Kwanza niliacha sala ya jamaa, kisha Ijumaa, mwisho hata kusali nyumbani. Adhana ikitoka, nilijifanya napanga makoti. Suruali iliyolowa hufuliwa, haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba nilijiona nimefukuzwa kwa Mola wangu ningali kijana, na sikujua nitarudije.

Jirani yangu wa meza, mama wa Kibena aliyeuza viatu, hakujua lolote. Aliona tu kwamba sinywi chai.

"Kamwene, baba Koti," alinisalimu asubuhi moja, akininyooshea kikombe. "Baridi yote hii na hunywi? Au unaogopa nimekuwekea dawa unioe?"

"Mama, wewe una mume."

"Ndiyo maana uogope!"

Watu wa meza za jirani walicheka. Nami nikacheka, na papo hapo nikajuta.

Siku ile niliamua kwenda hospitali ya misheni, upande wa Njombe. Alinipokea sista mmoja mtu mzima, mpole, aliyenisikiliza bila kukunja uso.

"Maji unakunywa kiasi gani?"

"Kidogo sana, Sista. Nayaogopa."

"Hapo umekosea. Mkojo mzito unakichokoza kibofu. Kunywa kama watu."

Akanifundisha kubana misuli ya chini, kama mtu anayekatisha mkojo, nihesabu mpaka kumi, niachie, nibane tena, mara nyingi kwa siku. Kisha akasema niende chooni kwa saa, nisingoje kuhisi haja.

"Sokoni nitasahau, Sista."

Alitazama kofia yangu. "Ninyi si mnasali mara tano? Basi kengele unayo. Nenda kila ukisikia adhana, na mara mbili tatu katikati."

Niliinamisha kichwa. "Siku hizi sisali. Kwa sababu ya jambo hilihili."

"Nani kakukataza?"

"Dini."

"Kamuulize mwalimu wako. Mimi dini yenu siijui, ila sidhani kama Mungu anamfukuza mgonjwa."

Maneno ya mtawa yalinipeleka kwa maalim aliyefundisha watoto nyuma ya msikiti wetu Makambako. Nilingoja watoto watawanyike baada ya alasiri, nikamweleza habari zangu zote huku nikiutazama ukuta.

"Chuo cha Kurani ulisoma mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka mambo yanayotengua udhu, maalim. Kisha baba akahamia huku, sikuendelea."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Umetoka darasani mapema mno, mwanangu! Mlango wako unakuja mbele kidogo." Alifungua kitabu chenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai, akaweka kidole. "Wenye udhuru. Wewe wanazuoni walikuandika kabla babu yako hajazaliwa, unajidhani wa kwanza?"

Akanieleza taratibu. Wakati wa sala ukiingia nijioshe, nifunge kitambaa safi, nitawadhe, nisali bila kukawia. Sala nyingine, nianze upya. Kitakachotoka baada ya hapo hakinidhuru.

"Hata nikiwa nimesujudu?"

"Hata ukiwa umesujudu."

"Na mkeka, maalim?"

"Ndiyo maana nimesema ufunge vizuri!"

Nilikata shuka za pamba zilizochanika, zisizouzika, nikazifua na kuzikunja. Mazoezi ya sista nilikuwa nimeyaanza, na baadaye yalinisaidia sana, ingawa mpaka leo, mimi babu wa wajukuu, sijapona kabisa. Lakini Ijumaa ile ya kwanza yalikuwa bado hayajafanya kazi. Nilisimama safu ya mwisho, karibu na mlango, ikibidi nitoke.

Rakaa ya pili, tulipokwenda chini, nilihisi joto dogo likipita. Mwili wote ulitaka kukimbia. Nikabaki palepale, paji la uso mkekani. Nikasema tasbihi ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, kisha nikainuka pamoja na wenzangu.

Imamu alipotoa salamu, mzee wa kushoto kwangu alinipa mkono.

"Kijana, umepotea. Miezi yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa, mzee."

"Sasa umepona?"

"Bado," nilisema. "Ila nasali."