Kura ya Maulana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika imambara yetu, ukumbi wa ibada wa Mashia, huko ughaibuni Queensbury, Maulana, shehe wetu, alinikalisha chini ya mimbari, akanibandika kipaza sauti kifuani. "Tafsiri nisemayo," alisema, "wala usitie chumvi." Yeye alihubiri kwa Kiurdu, mimi niliwapa Kiswahili wazee wetu wa Unguja na Mombasa, waliosikiliza kwa visikizi. Tulipofika masaibu, yaani kisa cha mauaji ya Karbala kinachofunga mawaidha, upande wetu ulilia sentensi moja nyuma ya wenzetu. Ndio ukalimani, wanangu.

Maulana alikuwa mtu wa msimamo wa zamani. Muziki hataki, na pazia la wanawake lisisogee hata kidogo. Basi uchaguzi wa bunge ulipokaribia, Mwenyekiti wa jumuiya alidhani kumfanya ampigie debe mgombea wa chama chake ni kazi nyepesi. Ijumaa moja kabla ya hotuba alituita chumba cha pembeni, mimi nikiwa katikati kutafsiri.

"Maulana, leo mtaje mgombea wetu. Watu wanakusikiliza wewe."

"Siasa naifundisha: msidhulumu, msikubali kudhulumiwa. Chama siwachagulii."

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Bila mkataba hakuna viza."

Sentensi ile nilitamani kuiruka. Nilimpenda mzee yule, na niliogopa kumpoteza. Lakini kazi ni kazi, nikaitoa. Yeye akatabasamu tu, akajifunga kilemba.

Mgombea alikaa safu ya mbele, soksi mpya kabisa. Maulana akapanda mimbari. "Mgeni wetu anaomba kura," alisema. "Muulizeni wenyewe. Mimi sina fatwa ya chama." Akashuka, akakaa sakafuni pamoja nasi.

Mara pazia likafunguka. Alikuwa mama yake Mwenyekiti, kisikizi sikioni. Kumbe kipaza sauti changu kilikuwa hewani muda wote kule chumbani!

"Weye mwanangu! Unamtisha Maulana kwa viza? Nimekusikia kwa masikio yangu haya. Tia saini mkataba leo leo, usinitie aibu!"

Akatia saini. Na Maulana, kwa mara ya kwanza, hakusema neno kuhusu pazia.

Sasa nimestaafu, naye ametangulia mbele ya haki. Vijana huniuliza alikuwa wa chama gani. Siku ya kura nilimpeleka kituoni mwenyewe, pasipoti ya kwao mkononi, maana nchi ile huwaruhusu hata wageni wa makoloni yake ya zamani kupiga kura. Aliporudi garini alizungumzia mvua mpaka nyumbani. Miaka yote nilikuwa ulimi wake, na hilo hakuniambia. Ndilo ninalompendea zaidi.