Nyumba ya Mdoli Juu ya Itara

Mimi ni fundi wa rangi. Nimepaka hoteli Nanyuki, nimepaka makanisa Naro Moru, nimepaka hadi choo ya chifu, na hiyo ya chifu nilirudia mara mbili. Nyumba yenye sikuwa nimewahi kupaka ni yangu mwenyewe. Ni ya mbao na mabati, iko kwa boma ya wazazi wangu, upande wa ng'ombe.

Kwetu kijana akishatahiriwa anapewa thingira yake, nyumba yake ya kijana, na kutoka hiyo siku mama yake haingii huko ovyo. Akikutaka anasimama nje anakohoa. Kati ya mila zetu zote hiyo ndio naipenda zaidi, sababu kwa hiyo thingira nilikuwa naficha kitu. Wengine wanaficha pombe. Mimi nilikuwa naficha nyumba za mdoli.

Ilianza na mzee mzungu wa huko nyuma ya Nanyuki. Alikuwa anauza boma arudi kwao, akaniita nipake kuta kabla wanunuzi waje. Kwa stoo nikapata nyumba ndogo ya mbao, inanifika magotini, mbele inafunguka kama kabati. Ghorofa mbili, ngazi, madirisha ya kioo. Mchwa walikuwa wamekula upande moja ya paa. Mzee akasema mama yake alichezea hiyo kitu akiwa mtoto, sasa inaenda kuchomwa. Akaniuliza kama niko na msichana mdogo nyumbani. Nikamwambia niko na wawili. Sikuwa na hata paka.

Nikaifunga na gunia, nikaipakia kwa bodaboda. Mwenye boda akaniuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni mzinga wa nyuki. Aliendesha mpaka kwetu Naro Moru akiwa amejisukuma mbele, nusura aketi kwa tangi.

Sasa sikia vile mtu anapotea. Nilianza kukwangua rangi ya nje nikitaka tu kujua ni mbao gani. Chini ya kijani kulikuwa na krimu. Ndani ya sebule, chini ya krimu, kulikuwa na karatasi ya ukuta ya maua ya bluu, madogo kama mbegu ya mboga ya terere. Mtu aliibandika huyo mama ya mzungu akiwa mtoto, na sasa pengine wote wameoza. Mimi kwa kazi nakwangua ukuta ya mtu bila huruma. Hiyo niliikwangua na kucha.

Baada ya hapo sikuwa mzima. Kitanda nilitengeneza na mbao ya kreti ya avokado. Droo ni maboksi ya kiberiti. Sufuria ni vifuniko vya soda, nimevigonga na nyundo vikakubali. Taa ya sebule ni hereni nilipata chini ya kiti kanisani, na nilingoja itangazwe, haikutangazwa. Siling nilikata kutoka kwa kadi ya harusi ya binamu yangu, jina zikiangalia juu. Mvua ikinyesha ilikuwa inapiga mabati yangu mpaka sisikii redio, na mimi nimepiga magoti hapo nikipimia mtu wa waya siling isimguse kichwa.

Huyo mtu wa waya nilimtengeneza mwenyewe. Nikamshonea koti ya drafti, ya miraba, kama yangu, nikamwekea meza, kiti na kikombe.

Ya pili nilipata soko ya Nyeri, kwa mama wa mitumba mwenye alikuwa anaweka vitunguu ndani. Ya tatu ni ya bati, imechorwa matofali, ilitoka kwa takataka za familia ya wanajeshi wazungu wa kambi ya Nanyuki wakienda kwao. Lakini hiyo ya mzungu ndio nilikuwa nabadilisha kila wakati. Nikichoka na pazia natoa. Nikibakisha rangi nzuri ya mteja, kijiko moja tu, napaka jikoni upya.

Kwa kazi waliniuliza. "Buda, Jumapili huwa unapotelea wapi?" Nikanyamaza vile mtu ananyamaza akitaka uwaze mabaya. Wakakubaliana niko na bibi ya mtu huko Nyeri. Nikawaacha hivyo, tena nikawa natabasamu.

Halafu nikapata msichana. Kwao ni Kianyaga, anasuka nywele Nanyuki, na mdomo yake inashinda yangu. Thingira yangu hakuwa ameiona. Mama yake alikuwa amesema hataki kusikia ameingia kwa mwanaume kabla wao wenyewe waone hiyo boma.

"Kwako kukoje?" akaniuliza.

"Kuko sawa."

"Sawa ya aje?"

"Kuna paa."

"Na siling?"

"Inakuja."

"Inatoka wapi, Mombasa?"

Mambo ikasonga, wazee wakaongea, ikafika siku ya wamama wa kwao kuja. Hiyo siku inaitwa itara. Itara yenyewe ni ile dari ya vijiti juu ya moto, kwa jiko ya kuni, mahali kuni inakaushwa na moshi. Zamani mama ya msichana na shangazi zake walikuwa wanakuja kuona mahali mtoto wao ataishi, na wanakuja wamebeba kuni wajaze itara ya huko. Wakiijaza, wamekubali. Wakirudi na kuni yao, usiulize.

Hiyo ni zamani. Nilimuuliza shangazi yangu kama bado kuni inaletwa.

"Kuni ya wapi, wewe? Wataleta mtungi ya gesi na masufuria, wapige picha, waende."

Nikamwamini. Alikuwa ameenda za watu wengi.

Mama akaja akasimama nje ya thingira, akakohoa. "Hao wanaingia mpaka ndani. Hata chini ya kitanda wanaangalia. Uko na nini huko?"

"Sina kitu, mami."

"Hiyo ndio shida."

Basi tukaazima. Sofa ya jirani, kapeti ya mjomba, kabati ya vioo ya mwenyekiti wa chama ya mama, ile ya kuchanga pesa. Thingira ikajaa mpaka ukiingia unaomba sofa ruhusa. Zile nyumba mbili nikazisukuma kwa stoo ya nyasi. Ile ya mzungu sikuweza, huko kuna unyevu, maua yangu ya bluu yangebanduka. Nikatafuta mahali kavu, na giza, na hakuna mtu anaangalia. Mama alikuwa amehamia kwa gesi kitambo, hiyo jiko ya kuni inawashwa tu siku ya kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe. Akienda chama nikapanda juu ya ndoo, nikaifunga na shuka, nikaiweka juu ya itara. Nilishuka nikijipongeza.

Siku ikafika. Mimi na marafiki wa kazi tuko chini ya tenti, shati nyeupe, koti yangu ya drafti. Tukasikia wimbo kwa geti. Niliona migongo kabla nione sura. Wamama wamejiinamia, kamba kwa paji la uso, kila mmoja na mzigo wa kuni. Mtungi ya gesi ilikuwa moja, ilibebwa na dereva.

Rafiki yangu akaniangalia. "Mbona unatoa jasho hivyo?"

"Ni hii shati."

Wakapitia thingira kwanza, wakachungulia mpaka chini ya kitanda, halafu wakaingia jikoni wakiimba. Wimbo ikakatika katikati, kama redio imeisha betri. Halafu mmoja akacheka, halafu wote.

Shangazi yangu akatoka. "Wewe. Kuja."

"Tata, wanaume hawaingii huko leo."

"Leo kuna mwanaume ameshaingia kabla yetu."

Nikaenda. Humo ndani ilikuwa giza na harufu ya moshi wa zamani. Mama yangu alikuwa kwa kona akiosha kikombe, na hicho kikombe kilikuwa safi. Wamama walikuwa wameshatua mizigo, isipokuwa shangazi mkubwa wa msichana. Yeye bado alikuwa na kuni mgongoni, ameinua uso anaangalia juu. Shuka ilikuwa imeanguka upande. Madirisha ya kioo yalikuwa yanatuangalia.

"Hii ni nini iko mahali ya kuni yetu?"

"Ni nyumba, cucu," nikasema, vile tunaita nyanya.

"Tumeona ni nyumba. Ni ya nani?"

Mimi mdomo yangu haijawahi kunikosa. Ningesema ni ya mtoto wa jirani. Ningesema ni mzinga. Lakini hapo mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, mtu mwenye kwa mila yetu natakiwa hata kivuli yake nipitie mbali.

"Ni yangu."

"Basi iteremshe, mgongo unaniuma."

Nikapanda juu ya ndoo mbele yao wote. Masizi ikanimwagikia kwa shati, kwa shingo, mpaka kwa mdomo. Nikatoka nje nimeikumbatia kama mbuzi mgonjwa. Mama mkwe akajibana kwa ukuta nipite bila kumgusa. Nikaiweka kwa meza ya soda, mahali ya kwanza niliona, na ile mbele yake, yenye kufuli yake nilikuwa naahirisha kutengeneza, ikafunguka yenyewe.

Watu wa tenti wakasimama. Wamama wakazunguka.

"Ona kitanda, imetandikwa."

"Ona pazia. Mimi pazia zangu hazijakunjwa hivyo."

"Wewe, hapa kuna siling."

"Na kule kwake nimeangalia, hakuna."

Wakacheka, marafiki zangu wakacheka zaidi. Mmoja akasema, "Kumbe huyu ndio bibi ya mtu wa Nyeri." Masikio yalikuwa yanachoma, lakini hiyo aibu ya kuchekwa nilikuwa nimejipangia kwa miaka, najua vile inarudishwa. Nikasema hiyo ni sampo tu, ile kubwa inafuata. Wakacheka tena, na sasa wanacheka na mimi. Nikaanza kupumua.

Mama mkwe hakuwa amecheka. Alisogea, akainama, akaangalia ndani. Aliangalia chumba kwa chumba, polepole, vile walikuwa wameangalia thingira yangu. Sisi wawili hatuongei moja kwa moja, kwa hivyo akamwambia shangazi yangu.

"Muulize hapa kunaishi watu wangapi."

"Unaulizwa watu wangapi."

"Mmoja."

"Muulize kama huyo mmoja hupata mgeni."

Nikaangalia. Ni kama ilikuwa mara ya kwanza naiona. Kiti moja. Kikombe moja. Kitanda ya kulala mtu moja, na nilikuwa nimeitengeneza mara tatu ikae sawa. Hiyo mwezi yote wazee wakiongea habari ya ndoa yangu, mimi nilikuwa nabadilisha pazia za huyu mtu.

"Muulize," mama mkwe akasema, "mtoto wangu ataketi wapi."

Hiyo shangazi yangu hakunipitishia. Hakukuwa na haja.

Msichana wangu, mwenye alikuja na wamama wa kwao, alikuwa amesimama nyuma na trei ya soda. Akaiweka chini, akakuja, akaangalia huyo mtu wa waya kwa kiti yake. Akaangalia koti yake ya drafti. Akaangalia yangu.

"Ni wewe," akasema.

Nilitafuta mzaha. Huwa ziko, hata msibani nimewahi kupata. Nikajipanguza masizi kwa uso, nikaisambaza vizuri. Hakuna mtu alicheka, na hapo ndio nilijua imekuwa mbaya.

Wamama wakaenda kando ya ukuta wa ng'ombe, wakaongea chini chini. Shangazi mkubwa alikuwa bado na mzigo. Kila akihamisha mguu, mimi nilikuwa naona hiyo kuni ikirudi Kianyaga. Mama yangu alitoka jikoni akasimama peke yake, mkono moja kwa shavu. Baba aliangalia viatu vyake. Sofa ya jirani, kapeti ya mjomba, vyote walikuwa wameazima kwa jina langu, na vilikuwa huko ndani vikingoja mtu avikalie.

Wakarudi. Shangazi mkubwa ndio aliongea, na aliniangalia mimi.

"Kuni tutaiweka. Nimeibeba mbali, siwezi kuirudisha, nimezeeka. Lakini mtoto haji hapa mpaka kukuwe na mahali pake. Na sisemi hiyo ndogo peke yake."

Akaingia, akajaza itara. Wakaimba, sio kwa sauti ile ya kwanza. Msichana akaondoka nao. Alinipungia mkono, vile unapungia mtu wa benki.

Sofa ya jirani nilirudisha kesho yake, nikipita barabarani nayo kwa mkokoteni, watu wote wakijua. Zile nyumba mbili nikauza Nyeri, nikanunua siling bodi, hii ya ukweli. Nikapaka kuta mara ya kwanza. Nikatengeneza kitanda ya watu wawili na viti vya mbao ya sipresi, na hizo hakuna mtu alinisaidia. Kiti ya pili ya ile nyumba ndogo ndio ilinishinda. Mbao ni ile ile ya kreti, kisu ni kile kile, lakini nilikuwa navunja miguu yake, naanza upya, navunja. Mwishowe ikasimama, imeinama kidogo. Nikaipiga picha nikamtumia msichana wangu. Hakujibu hiyo siku. Alijibu baadaye: "Imeinama."

Alikuja mahindi ikiwa imevunwa. Ile nyumba ya mzungu iko sebuleni sasa, juu ya stuli, kila mgeni anaiona na kila mgeni nasikia shingo ikipata moto. Yeye ndio huipanguza vumbi. Hajawahi kuitaja ile siku hata mara moja, na mimi nimechekesha kila kitu kwa hii boma isipokuwa hiyo. Ila akimaliza kupanguza, huwa anamtoa yule mtu wa waya kwa kiti yake, anamweka nje kwa veranda ya hiyo nyumba ndogo, halafu anafunga mbele.

Kumrudisha ndani ni kazi ya kidole moja. Sijawahi. Namwacha hapo na koti yake ya drafti, mpaka mke wangu mwenyewe amkumbuke.