Kanda ya Mjomba

Juzi binti yangu alihifadhi mchezo anaoutengeneza kwa kubonyeza mara moja tu, nikamkumbuka mjomba Elia. Kompyuta yake ilitumia televisheni ya sebuleni kwetu Area D, na michezo aliyoitunga aliihifadhi kwenye kanda za redio.

Alasiri moja niliicheza kanda yake redioni, ikalia kama bati linaloburutwa. Nikadhani imeharibika; sikujua kwamba mchezo uliohifadhiwa kwenye kanda hulia hivyo. Mama alikuwa anakaanga vitunguu huku akiimba wimbo wa kwaya, nikamrekodi humo.

“Shikamoo mjomba, nimekutengenezea kanda yako.”

“Marahaba.” Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akavunja vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kanda. Nilidhani ni hasira za mchezo wake kufutika.

Kumbe kanda iliyovunjwa vijino hairekodiwi tena. Mama alishafariki, na humo bado anaimba.