Hatua Moja Kuelekea kwa Koku

Enzi zetu pale Pasiansi, jaji wa kuchana mistari, yale mashindano ya kutupiana mashairi ya papo kwa papo, alikuwa miguu. Hakukuwa na karatasi za alama, wala mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na chupa ya maji akijifanya anajua. Wachanaji wawili walisimama juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu, huyu ncha hii na yule ncha ile, nasi watoto tukajaa chini katikati. Aliyekugusa ulimhamia, na mwisho tulihesabu vichwa. Utaratibu huo tuliuiba Misungwi kwa babu, kwenye ngoma za baada ya mavuno, ambako vikundi viwili vilicheza kwa wakati mmoja na kile kilichobaki kikiwachezea mbuzi kilijua kimeshindwa. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kubaki katikati.

Mbabe wa jiwe hilo alikuwa kaka yangu Masalu. Alikuwa darasa la saba, miguu mirefu, kaptula fupi, na mdomo usiopumzika hata akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama alizoea kumwambia, "Masalu, hayo maneno ungekuwa unayalima, tungevuna magunia." Mwaka ule walimu walitangaza kwamba siku ya wazazi kila mtaa utoe mchanaji mmoja. Baba alifanya kazi kwenye kivuko cha Busisi, nyumbani tulimwona Jumapili tu, na shuleni kwetu hakuwahi kukanyaga. Masalu hakusubiri kuchaguliwa. "Baba, siku hiyo nitapanda jukwaani," akasema. Baba akajibu, "Basi nitaomba ruhusa." Wiki nzima Masalu alitembea akitabasamu peke yake.

Jumamosi kabla ya siku hiyo, tulipokutana jiweni kumpata mchanaji wa mtaa wetu, akajitokeza mtu wa kumpinga, nami nilishtuka mpaka karanga zikanidondoka mkononi. Koku! Binti wa nesi aliyehamia kutoka Bukoba, msichana aliyeitikia jina darasani kwa sauti ndogo mpaka mwalimu anaandika hayupo. Akapanda jiweni na gauni lake la kanisani, akasimama ncha ya pili.

Masalu alianza:

"Asubuhi unakula ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi,
Ukisimama juani, hata kivuli chako ni ndizi!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Koku akatungoja tumalize. Halafu, kwa sauti ambayo hatukujua anayo, akajibu:

"Ndizi kweli tunakula, tunashiba, tunalala,
Nawe jana kwa mamangu, sahani mbili ukala,
Ukaongezewa mchuzi, ukashukuru kwa sala,
Tumbo lako lina shukrani, ni mdomo uliolala!"

Hakucheka mtu. Ilikuwa kweli tupu, nami nilikuwa shahidi, maana jana yake nilikaa na Masalu meza hiyohiyo ya nesi nikila sahani yangu. Masalu alifungua mdomo, pakatoka hewa. Sijawahi kuona jambo kama lile, Masalu kukosa neno! Baadaye alijikusanya na kurusha mistari mingine, tena mizuri, na Koku naye akajibu, na miguu ikaanza kuhama huku na huku kama mbuzi waliofunguliwa. Mwisho walipohesabu, kumi na wawili kwa Masalu, kumi na wawili kwa Koku, na mimi nimesimama katikati.

"Kabula, hama!" wakapiga kelele.

Nilimtazama kaka yangu. Hakuniomba kitu, alinitazama tu, na nilijua anamwaza baba. Nilijua pia nani amenigusa. Sijui hata leo ujasiri ule niliutoa wapi, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nikapiga hatua moja kuelekea kwa Koku. Niliposikia watu wakishangilia nilitamani jiwe linifunike.

Hakuna aliyethubutu kumwambia baba. Siku ya wazazi alikuja na sare yake ya kivukoni imepigwa pasi, akakaa benchi la mbele. Kila jina lilipotajwa aliinua shingo. Ulipoitwa mtaa wetu alikwisha kuanza kupiga makofi, ndipo akapanda Koku. Makofi ya baba yakafifia, kisha yakaendelea taratibu mpaka msichana yule alipomaliza. Niliumia, jamani.

Jioni tukiwa nyumbani akauliza, "Nani aliamua?"

Nikainamia sahani yangu. Masalu alikuwa anamenya kiazi. Hakuniangalia hata kidogo.

"Watu, baba," akasema. "Walihamia kwake."

"Basi alikushinda," baba akasema, akamwongezea dagaa.

Mwezi uliopita vijana wa hapa mjini waliniita niwe jaji wa mpambano wao. Wachanaji walilingana mno, nikatoa ushindi kwa alama moja. Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa imejaa matusi ya aliyeshindwa na ya marafiki zake, na, sikuamini macho yangu, ya mama yake mzazi, mwanamke wa rika langu! Aliyeshinda naye akaniandikia kunilaumu kwamba alama moja ni ndogo. Watoto hawa wana vipaza sauti, taa na wapiga picha. Kushindwa ndiko hawajafundishwa, na siku hizi hata sisi tuliofundishwa tumesahau.

Baba alifariki bila kujua ni mguu wa nani uliompa Koku ushindi. Masalu sasa ana mvi, anakuja kwangu kila Krismasi, tunakula, tunacheka, na jambo hilo hajawahi kulitaja. Mimi ndiye mpaka leo nimeshindwa kumwambia asante.