Mtandio wa Kutazamia Katuni

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama akisema nimezaliwa na siafu miguuni. Kila alasiri, nikitoka chuoni kusoma Kurani, nilipanda mbio ngazi za majumba ya Michenzani mpaka kwa jirani wa juu yetu, nikajitupa kwenye jamvi mbele ya televisheni yao, na hapo siafu wakazidi. Pembeni yangu alikaa mtoto wao wa kiume, rika langu, na mbele yetu ilikuwapo katuni.

Ilikuwa habari ya mvulana na msichana, marafiki wa mtaa mmoja. Kila siku mvulana anapiga hodi kwa msichana, ana jambo la kumwambia, na kila siku linazuka la kuzuka: mara mvua, mara mbwa, mara baba mtu anaita. Walisema Kiingereza cha haraka na nusu yake hatukuielewa, lakini jambo lenyewe hata mtoto wa kubebwa angelijua. Nilikuwa nikimfokea yule mvulana, "Sema basi, we!" Jirani yangu akicheka mpaka anagaragara.

Nilimpenda. Nasema waziwazi sasa kwa sababu siku zile sikumwambia mtu. Tukinunua ubuyu, alinichagulia punje zilizojaa sukari akabaki na zilizopauka, wala hakujisifu.

Kisha mama akaniambia nimeshakua, nisikae kichwa wazi mbele ya wanaume wasio maharimu zangu. Wenzangu walinuna walipoambiwa hivyo. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Mwanamume unayejisitiri naye ndiye anayeweza kukuoa, na jirani yangu alikuwa mmoja wao. Nikachukua mtandio mpya wa mama, wa rangi ya samli, nikajifunga na kujifungua mbele ya kioo mpaka nikaridhika. Siku hiyo ngazi nilizipanda polepole.

Mama yake alikuwa akichambua mchele. Aliponiona akacheka.

"Wa nini huo, mwanangu? Vua, utaungua bure na joto hili. Huyu nduguyo. Nlikunyonyesha mie, mamako alipokuwa mgonjwa hajiwezi. Kwani hakukwambia?"

Kwetu ziwa ni damu. Mlionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Kwenye televisheni mvulana alikuwa anapiga hodi, na mimi nikauvua mtandio. Jirani yangu aliruka kwa furaha, maana hakuwa na dada. Tangu hapo akaniita dada, kwa sauti, jengo zima lisikie. Ningeweza kumzaba kofi. Katuni sikurudi tena kuitazama, nikasingizia kazi za nyumbani.

Miaka ikapita. Siku moja mwalimu wa chuoni akatufundisha kwamba kunyonya kunakoleta udugu ni mara tano, kila mara mtoto ashibe. Pungufu ya hapo, hakuna udugu. Sikungoja hata dua ya kufungia darasa. Nilimkuta mama wa jirani yangu anaanika nguo, nami natweta.

"Shikamoo. Ulininyonyesha mara ngapi?"

Kibanio cha nguo kikabaki mkononi. Nadhani siku ile alinifahamu.

"Marahaba. Nani kahesabu, mwanangu? Ulikuwa walia, nkakupa."

Mama yangu naye alikuwa taabani wakati ule, hakumbuki kitu. Kumwuliza mwalimu hukumu ya mtu mwenye shaka sikuthubutu, angetaka kujua shaka hiyo inanihusu nini. Basi nikabaki nayo. Hata leo nikikuna nazi najikuta nahesabu. Mama akiugua, mtoto mchanga hulia mara ngapi? Nne? Tano? Nazi inakwisha, mkono bado unakwenda.

Mama wa jirani yangu ameshafariki, Mungu amrehemu. Yeye ameoa, anakaa Mpendae. Mkewe ananipenda, huniita wifi kwa moyo mmoja. Nikifika natundika mtandio kwenye msumari wa mlangoni, kama kwetu.

Ijumaa iliyopita nilimkuta binti yao zuliani, anatazama katuni. Nikasimama. Ilikuwa ile ile.

"Shangazi, hawa mwisho wataoana?"

"Sijui, mwanangu. Sikufika mwisho."

Nikakaa kando yake. Mvulana akapiga hodi. Mbwa akabweka, mvulana akageuka akaondoka, na mimi mtu mzima nikajikuta nafoka, "Sema basi, we!" Nyuma yangu nikasikia kicheko ninachokijua. Baba mtu alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada, mbona leo hukuvua mtandio?"

Nikaushika kichwani. Kweli, sikuuvua.

"Nahisi baridi," nikamwambia.

Pangaboi lao lilikuwa bovu, na jasho linanitiririka mpaka shingoni.