Randa Zilizofichwa Kilimarondo

Fundi seremala mmoja wa Nachingwea amefariki, na jambo la kwanza lililonijia kichwani nilipopigiwa simu halikuwa dua. Nilimwuliza aliyenipigia, "Mwili umeuona?" Huyo aliyenipigia ni muuza duka jirani na karakana ya marehemu. Akasema, "Kaka, tumeshamwosha. Tunazika baada ya adhuhuri." Naona aibu kuwaandikia hili wasomaji wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejizoeza kutoamini chochote kinachotoka kwa mtu yule, hata kifo chake nikakidhania kuwa njia nyingine ya kuwakwepa wanaomdai.

Mmoja wa waliomdai nilikuwa mimi. Nilimpa malipo ya awali ya kabati ambalo hakulitengeneza, kwa sababu fedha zangu zilikwenda shambani. Alikuwa amekodi shamba la ufuta Likunja, upande wa Ruangwa, akakopa kwa mama mmoja mfanyabiashara wa hukohuko ili alipie trekta na vibarua. Mvua ikakatika mapema. Ili amlipe mama yule akakopa mjini ile mikopo ya riba ya kila wiki tunayoiita kausha damu, na ili ailipe kausha damu akazigusa fedha za wateja wa vitanda na milango. Siku moja akanionyesha kipeperushi alichopewa stendi, cha mtu aliyeahidi kufuta madeni yote kwa ada ndogo. Fundi akalipa ada, na simu ya mtu yule haikupatikana tena. Nilimcheka. Moyoni nikajiuliza kama kipeperushi chenyewe hakukitunga yeye, ili tumwonee huruma.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sijaona mwingine akilifanya katika wilaya zetu hizi mbili. Alituita wote tunaomdai kwenye ofisi ya mtendaji, akasimama mbele yetu na karatasi mkononi. "Nimefilisika," alisema. "Mkinidai mmojammoja hivi sitamaliza hata kwa mmoja. Naomba mnisikilize kwa pamoja." Akasoma mali zake: nyumba ya vyumba viwili, baiskeli, na mikorosho michache aliyorithi Lionja. Akaomba tusimamishe riba, na kila msimu wa korosho tugawane kinachopatikana mpaka madeni yaishe. Mama wa Likunja, ambaye ndiye aliyekuwa anadai zaidi, akamwuliza, "Na vifaa vya kazi je?"

"Nimeshaviuza, mama."

"Wallahi?"

Akainamisha macho. "Nimeviuza."

Tulisaini sote, hata wakala wa kausha damu. Mimi nilisaini huku nimemkazia macho fundi, nikisema moyoni kwamba seremala anayeuza randa zake bila mtu yeyote mjini kujua kazinunua nani ni seremala wa kuchunguzwa.

Miezi michache baadaye nilikwenda Kilimarondo kuandika habari za tembo walioharibu mahindi ya watu. Nilifikia kwa mfugaji mmoja aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa. Nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, nikaona misumeno, patasi, randa za mkono, na mashine ya kuranda yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Mpini ule niliujua.

"Hivi vya nani?" nikauliza.

"Vya fundi wa Nachingwea," akajibu mfugaji bila wasiwasi. "Kaniomba nimtunzie. Huwa anakuja, anatengeneza milango na vitanda vya watu wa huku, akipata chochote anapeleka kwake watoto wapate kula."

Mtu mwema angeisikia hiyo habari ya watoto. Mimi nilisikia kwamba nilikuwa sahihi, na raha niliyoipata hapo sitaisahau, maana ndiyo inayonitesa sasa. Nilipanda kwenye kichuguu palipokuwa na mtandao, na badala ya kumpigia fundi mwenyewe nikampigia mama wa Likunja.

Wiki hiyohiyo makubaliano yalivunjika. Vifaa vilifuatwa, vikauzwa kwa bei ya kutupa, na fedha yake haikumtuliza hata mdai mmoja. Riba ikaanza upya. Fundi akageuka kibarua wa palizi katika mashamba ya watu Lionja, akawa hivyo mpaka alipoanza kuumwa. Nilikutana naye mara moja barabarani, jembe begani. "Habari za kazi, mwandishi?" alinisalimia kwa adabu. Nikamjibu kwa mkato, nikidhani adabu ile nayo ina lake.

Mwaka huu ndipo karani mmoja wa mahakama aliyestaafu, mkazi wa Ruangwa, aliponieleza ambalo sikuwahi kulitafuta. Aliyezidiwa na madeni anaweza mwenyewe kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa muflisi. Hapo mali zake hushikwa na ofisa wa serikali, wadai hugawiwa kwa utaratibu, na hakuna wa kumvamia kivyake. Ni njia ndefu, ina gharama, jina la mtu hutangazwa, na kuficha mali ni kosa. Kwa sababu hiyo wengi wa hali ya chini huwafaa zaidi kukaa na wadai wao na kuandikiana, kama alivyofanya fundi. Nikamwuliza kuhusu vifaa vya kazi. "Huachiwa," alisema karani. "Vifaa vya kazi yake, nguo na matandiko ya familia, ilimradi thamani isizidi kiwango. Seremala asiye na msumeno atawalipa kwa kitu gani?"

Kumbe alitudanganya kuhusu kitu ambacho angeweza kutuomba waziwazi tumwachie. Yeye hakujua, na sisi tuliojaa ofisi ile hatukujua.

Siku ya pili baada ya maziko nilikwenda kumpa pole mjane wake. Alikuwa amekaa na dada yake ndani. Nikamwambia deni langu nimelisamehe, kisha nikamwambia ni mimi niliyetoa habari ya Kilimarondo.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Yule mfugaji alimweleza mume wangu ni nani aliyefika kwake na kuviona vifaa. Nikamwomba anitajie, akakataa. Alisema akinitajia nitaacha kukusalimia."

Dada yake akaniuliza, "Na hili nalo utaliandika?" Nikasema nitaliandika.

Mtu akisimama mbele yenu akasema amefilisika, mshukuni mkipenda. Hata mimi, kesho akitokea mwingine, nitamshuku, maana wapo wanaoficha kweli. Ila mwulizeni anaishije, wanawe wanakula nini, na abaki na kitu gani mkononi ili aweze kuwalipa. Kabla ya kusaini, mtafuteni anayejua sheria akae nanyi kikaoni. Mimi nilimshuku mtu miaka miwili mizima, na katika miaka hiyo sikumwuliza swali hata moja.