Chale za Baba

Tangu utotoni nina maradhi ya kutaka kujua. Mama alikuwa akisema ipo siku nitamuuliza maiti amekufaje. Basi baba alipougua kisiwani Nosy Be, zama za utawala wa Wafaransa, mimi nilikuwa na swali moja tu: kile kigumu kilichovimba chini ya mbavu zake za kushoto ni kitu gani? Mama akaniambia ni bandama, huvimba kwa homa zisizokwisha. Nikamgusa baba. Nikajigusa mwenyewe. Nikawagusa watoto wa majirani mpaka mama mmoja akanifukuza na mwiko.

Kwa homa ile baba alifukuzwa kazi kwenye mashamba ya miwa. Mganga akaletwa kutoka kisiwa jirani cha Nosy Komba na wembe wake. Alimchanja chale juu ya bandama, mistari myembamba iliyopangika vizuri, kisha akasugua masizi ya mizizi kwenye vidonda. Kwetu bandama ilitibiwa hivyo: unachanja palepale maradhi yalipo, dawa isipotee njia. Nilimuuliza dawa inaijuaje njia. Mganga alicheka sana, na mpaka leo bado nataka kujua.

Baba alipopata nguvu tulihamia mji wa Mahajanga, kwa shangazi yake katika mtaa wa Ampisikina, kwa kuwa bandarini walitakiwa wachukuzi wa magunia. Kazi nyingine haikuwapo. Tulikula mihogo asubuhi, tukala mihogo jioni, na shangazi, Mungu amrehemu, alishaanza kuutazama kila mkono uliorudi kwenye sahani. Baba angekosa kazi ile, ingebidi turudi kulekule kwenye homa.

Siku ya kuandikisha watu, wanaume walipangwa uani pale bandarini vifua wazi mbele ya daktari vazaha, kama tulivyowaita Wazungu. Mimi nilichungulia kwenye upenyo wa ua. Niseme kweli, nilifurahi mno, maana daktari naye alikuwa akibonyeza ubavu wa kushoto wa kila mtu! Aliyekutwa na bandama alitolewa kwenye mstari, asije akaanguka na gunia. Nilitamani kuingia nimuulize vidole vyake vinasikia nini.

Ikafika zamu ya baba. Daktari hakumgusa. Alizitazama chale, akasema neno moja la Kifaransa, na mkalimani akalitia Kimalagasi: mgonjwa. Baba aliinua mkono ili aeleze, lakini mtu wa nyuma yake alikwisha kusogea.

Tulirudi kwa shangazi kupitia mtaa wa Tanambao. Mimi na kimya hatuelewani.

"Baba, mbona wewe hakukubonyeza?"

"Ameona chale."

"Lakini chale ni dawa, baba. Si ugonjwa."

Alisimama kando ya ukuta, akafungua shati. "Haya, bonyeza wewe."

Nilibonyeza taratibu, kisha kwa nguvu. Nilikitafuta kile kigumu chini ya mbavu, nikashuka, nikapanda. Tumbo lilikuwa laini, tena tupu. Hakikuwapo.

"Baba, umepona!" nilipiga kelele, wapita njia wakageuka. Nilijiona daktari mkubwa. Kisha nikauona uso wake, na furaha yote ikaniishia.

"Najua, mwanangu," alisema. Hakulifunga shati. "Bonyeza tena."